Pini Iliyobaki Nzima

Baba Mwita,

Barua zangu zote ulipokuwa Musoma zilianza kwa kukuuliza hali yako. Leo sikuulizi, maana hata ukijibu sitasikia. Hali yangu mimi ni hii: nimechoka. Mabega yamechoka, magoti yamechoka, na mdomo umechoka kuwajibu watu "salama tu" wakiniuliza habari za nyumbani. Nimekaa kwenye kiti chako cha kamba, kile ulichokuwa hutaki mtu akikalie, na jua bado liko juu ya miti ya ng'ambo. Ng'ombe hawajarudi. Nina nafasi ya kukueleza kabla hawajaja kunidai.

Najua ungeuliza boti kwanza na mtoto baadaye. Ndivyo ulivyokuwa, usinikatalie. Basi boti ipo, na Mwita yupo. Lakini vyote viwili vilitaka kutuponyoka, na mimi ndiye niliyebaki katikati nikivuta huku na huku.

Siku ile wewe uliiona kutoka upande wako. Sisi tulibaki na upande wetu. Mto Mara ulikuwa umejaa, maji yana rangi ya chai ya maziwa, magogo yanashuka kutoka juu. Mlikuwa mnavusha watu wa kwenda Ringwani waliotoka kwenye machimbo huku kwetu Nyakunguru, wewe nyuma kwenye injini, Mwita mbele kwenye nanga. Gogo likaingia chini ya boti, likakutana na propela, pini ikakatika kama ilivyotakiwa kukatika. Ukapaza sauti, "Nanga!" Mwita akaitupa. Nanga haikushika, ikaburuta kwenye tope. Boti ikaenda na maji mpaka kwenye yale mawe, ukasimama kuisukuma kwa upondo isipigwe ubavu, upondo ukateleza. Watu wote walifika nchi kavu. Wewe tulikupata kesho yake kwenye matete.

Kila aliyekuwamo aliisimulia hivyo hivyo, isipokuwa mwanao. Mwita aliisimulia kwa maneno machache: "Pini ndiyo iliyomwua Tata." Basi. Hakuongeza wala kupunguza.

Siku ya kugawa vitu vyako ndugu zako walikaa uani, kaka yako Chacha akiwa msemaji kama kawaida yake. Koti lako la baridi alilichukua yeye, linambana tumbo lakini analivaa hata jua likiwaka. Boti na injini vikaenda kwa Mwita na hakuna aliyebisha. Mimi nilipewa pole. Zile pini zako za shaba hakuna aliyezitaka, wakaziacha chini ya meza, nikazizoa mwenyewe nikaingia nazo ndani.

Unakumbuka mwaka ule uliporudi na ile injini kuukuu, nikakuuliza mbona unaweka kitu dhaifu mahali penye nguvu zote? Hukunicheka. Ulinipeleka shambani kwa maneno. Ukasema ng'ombe wawili wanavuta jembe, jembe limenasa kwenye kisiki, na wao hawajui, wanaendelea kuvuta. Lazima kitu kikatike. Itakatika kamba, au nira, au shingo ya ng'ombe. "Mwenye akili anaacha ikatike kamba." Ndipo nikaelewa kile kipande cha shaba, kifupi kama kidole cha mtoto, kinachopita katikati ya shafti na propela. Propela ikigonga jiwe injini haijui, inaendelea kusukuma. Pini inakatika, gia zinapona, unaweka nyingine, safari inaendelea.

Ulikuwa unajisifu sana kwa zile boti za mbio ulizotengeneza kule ziwani. Ulisema zenyewe zina mpira ndani ya propela wa kumeza pigo, na kwamba kadiri boti inavyokimbia ndivyo inavyohitaji kitu laini ndani yake. Mimi nikakwambia na wanaume ni hivyo hivyo. Ukakasirika mpaka chai ikapoa.

Na zile pini! Ulikata fimbo za shaba za kuchomelea, ukazipiga tupa, ukazibana kwenye jiliwa na kuzigonga nyundo moja baada ya nyingine. Inayopinda upesi unatupa. Isiyotaka kukatika unatupa pia, na hiyo ndiyo uliyoitukana zaidi. Nyingine ulizisahau kwenye mifuko ya shati, nikaziokota kwenye beseni la kufulia. Nilikusema sana kwa mifuko uliyoitoboa. Sasa hivi nguo za nyumba hii zinaisha kufuliwa upesi, na beseni halina kitu chini isipokuwa mchanga.

Mwita alirudi mtoni kabla nywele tulizonyoa kwenye msiba hazijaota vizuri. Sikumzuia. Ningemzuia angeteremka mashimoni, na huko mashimoni nimeshawasindikiza vijana wengi mno wa jirani zetu. Nikafikiri afadhali mto, ambao angalau tunaujua sura. Lakini kabla ya kuwasha injini alikwenda kwa yule fundi anayefua vyuma vya machimbo, akaomba kipande cha moko. Unaijua moko, ile tindo wanayopasulia mwamba. Chuma chake hakijui kushindwa. Akaikata, akaipiga tupa kwa juma zima mpaka ikaingia kwenye tundu la pini sawasawa. Akaiweka. Akasimama pale kivukoni akawaambia watu kwamba injini ya baba yake haitasimama tena katikati ya mto.

Walimsifu, Baba Mwita. Sikulaumu mtu. Hapa kwetu kila mtu anaishi kwa chuma kinachopasua jiwe. Ukimwambia mchimbaji kwamba kuna chuma kizuri kwa sababu kinakatika, atakuona umelewa. Wachimbaji wakawa wanauliza kabla ya kupanda, "Hii ndiyo ile ya moko?" Wakiambiwa ndiyo, wanapanda wanacheka. Hata kaka yako Chacha alisema kijana ana akili kuliko baba yake. Nilitaka kumvua lile koti.

Na kweli haikukatika. Kiangazi chote ilipita juu ya mawe na visiki, na kila ilipogonga Mwita alikuwa ananitazama kwa mbali kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini mimi nilikuwa nasikia. Nimeishi na injini ile miaka mingi, naijua sauti yake kuliko ya mama mkwe wako. Ilianza kusaga. Mwanzo ilikuwa anapoingiza gia tu, baadaye hata ikiwa inatembea, sauti ya mtu anayetafuna mchanga kwenye ugali. Na Mwita siku hizi alikuwa haruhusu mafuta yapungue. Wewe ulikuwa unampiga kofi la mkono kwa hilo. "Punguza kwanza, mura! Gia siyo mlango wa choo." Sasa hakuna wa kumpiga kofi, anaingiza mbele, anarudisha nyuma, mafuta juu.

Nilimwambia. Nilimwambia jikoni, nilimwambia zizini, nilimfuata mpaka kivukoni nikamwambia mbele ya watu, jambo ambalo hakulipenda. Nikamwambia pigo halipotei, mwanangu, likikuta pini imegoma linapanda juu. Akanijibu yale yale: "Mama, pini ndiyo iliyomwua Tata." Nikachukua ndoo yangu. Nikarudi nyumbani kupepeta mtama.

Nilichokiona mapema na sikukisema kwa mtu ni hiki: Mwita alikuwa hagusi nanga. Aliiacha mbele, akawaambia abiria wowote waliokaa karibu, "Mkinisikia naita, tupeni hicho kitu." Hata jina lake hakulitaja.

Mvua za vuli zilipoanza, gogo likaja. Nilikuwa nateka maji, niliona kwa macho yangu. Boti ilikuwa inakimbia, maana alitaka kuwahi kabla ya wingu, na nikaona nyuma yake inainuka kama kitako cha ng'ombe anayepiga teke. Kishindo kilikuja baada ya kuona. Injini iliruka ikatoka kwenye ubao, ikabaki inaning'inia kwa mnyororo, na ule mkono wa kuendeshea ukampiga Mwita. Mfupa wa mkono ulivunjika. Boti ikaanza kwenda na maji, polepole, ikielekea upande wa yale mawe.

Sitakueleza nilivyokuwa pale ukingoni. Nilipiga yowe mpaka watu wa machimbo wakaja na kamba zao. Mle ndani mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi aliitupa nanga, maji yalikuwa bado hayajajaa, ikashika. Tukawavuta kwa kamba. Hakuna aliyekufa. Nilihesabu vichwa vyao mara tatu na kila mara nilianza na cha Mwita.

Alipotoka hospitali na mkono kwenye plasta, jambo la kwanza alilosema ni kwamba atatafuta gia za chuma kigumu zaidi. Nikaona huyu mtoto ataufanya mto umle kwa bidii. Kama mkono umevunjika na bado anatafuta kigumu zaidi, safari ijayo sitapata hata wa kumweka plasta. Usingizi ulinitoka. Nikamwita kaka yako, nikamwambia avue hilo koti akunje mikono, tuufungue mguu wa injini hapo uani, na Mwita akae aangalie.

Shemeji alifungua, mimi nilimpa spana kama nilivyokuwa nakupa wewe, ila yeye haangalii anachopewa. Mafuta yalitoka meusi yana vyuma ndani, kama unga ulioingia mchanga. Gia zilikuwa hazina meno. Shafti ilikuwa imejikunja. Halafu tukafika kwenye pini. Ilitoka yenyewe, imenyooka, inang'aa, hata mkwaruzo hauonekani. Nikaifuta kwa kanga yangu nikaiweka juu ya plasta ya Mwita.

Nikamwambia, "Ndiyo hii. Nzima."

Aliiangalia muda mrefu. Shemeji naye akaweka spana chini. Kila kitu kilichokuwa nyuma ya ile pini kilikuwa kimevunjika mpaka mkono wa mwanetu, na yenyewe iko nzima kuliko sisi wote pale uani. Mwita akainuka akaenda nyuma ya zizi, akakaa huko mpaka ng'ombe wakarudi.

Baada ya hapo watu wakaanza kunipa ushauri, na ushauri haujawahi kuisha katika nyumba ya mjane. Shemeji alitaka tuiuze boti kwa vipande. Alisema mto umeshaonja damu yetu. Mwita akasema boti ikiuzwa yeye ataingia shimoni Jumatatu, na alivyolisema hilo hakuwa anatisha, alikuwa anatoa taarifa tu. Mdogo wangu Ghati alipiga simu kutoka Robanda, tembo wamekula mahindi yake tena, na bado akanishauri nihamie kwake. Nikamuuliza nije kulinda tembo au mahindi. Alicheka kidogo. Tulihitaji kucheka, wote wawili.

Nilichoamua nilikiamua kwa uchovu, wala usidhani ni ushujaa. Nilisema boti itarudi majini kwa masharti yangu. Yule rafiki yako wa Musoma alitutafutia mguu mwingine wa injini kama ile, kuukuu lakini una meno. Pini itakuwa ya shaba. Nanga zitakuwa mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma, na zote zitafuliwa upya, nzito, zenye kucha ndefu za kuchimba tope. Nikamtuma Mwita mwenyewe kwa yule fundi wa machimbo akazifue kwa moko. Huko ndiko chuma kisichokatika kinakotakiwa. Fundi alicheka akasema sasa tunaongea.

Na sharti la mwisho, mimi nitakaa mbele, kwenye nanga.

Ungeona kelele zilizotokea! Mjane wako aingie kwenye maji yale yale, na mwaka haujaisha? Wazee wakaja na fimbo zao, wakaamkiwa, wakakaa, wakaniuliza kama nimepagawa. Nikawaambia wenye nguvu wote wamekataa kukaa pale kwa sababu wana kazi mashimoni, na mimi kazi yangu ni kulala macho, basi afadhali nilale macho ndani ya boti. Mwishowe mkubwa wao akasema kondoo achinjwe kivukoni kwanza, mto uombwe. Wakachinja, wakanyunyiza, wakaniambia nipande wakiwa wanaangalia. Nilipanda. Magoti yalitetemeka mpaka boti ikatetemeka, na wakadhani ni injini.

Wewe unajua siyapendi maji. Miaka yote ulikuwa unanivusha nimefumba macho, ukiniambia mtu anayefumba macho ndiye anayeonwa na mamba. Sasa nayafumbua. Naangalia maji mpaka macho yanauma. Jioni narudi nimelowa, nakamua, napika, kesho tena. Vijana wa machimbo wamezoea, wananiamkia "shikamoo mama nanga" wakipanda. Ndiyo jina langu jipya, umeniachia jina zuri kweli.

Sasa nikueleze ya juzi, ndiyo niliyokaa kukuandikia.

Mto umejaa tena. Tulikuwa katikati, watu wamejaa, mama mmoja ana mtoto mgongoni mwenye homa anampeleka ng'ambo kwa dada yake. Nikasikia mguso chini, halafu injini ikapiga kelele juu, ile kelele ya kitu kinachozunguka bure. Pini. Mwita hakuita. Niligeuka nikamwona amekauka, macho kwenye yale mawe, mdomo wazi, hana sauti. Maji yameshaanza kutuchukua.

Nikaitupa. Sikuwa na wakati wa kumwomba Mungu, nilimwomba baadaye. Kamba ilikimbia ikanichuna viganja, ikalegea, nikajua inaburuta. Kisha ikakaza ghafla, boti ikageuka ikaangalia juu ya mto, ikatulia. Mzee mmoja akatupa ile ya nyuma. Zikashika zote mbili. Maji yanapita pembeni yetu na sisi tumesimama.

Nikamwambia Mwita, kwa sauti niliyokuwa namwamshia shule, abadilishe pini. Akainama. Pini moja ikamponyoka ikaenda na maji, akachukua nyingine. Yule mtoto mwenye homa alikuwa analia. Injini ikawaka. Akapunguza mafuta, akaingiza gia taratibu, tukavuka.

Watu waliposhuka na kuondoka, alikaa chini kwenye majani pale ng'ambo na viatu vyake ndani ya maji. Tangu tukuzike sikuwa nimeona chozi lake, na nilikuwa nimeanza kufikiri pengine hana. Akasema, "Mama, siku ile niliitupa vizuri." Nilikuwa nakamua kanga yangu, nikaiacha. Akarudia. "Niliitupa vizuri, Mama. Niliitupa mapema, alipoita tu. Ni tope. Tope ndilo lililoiachia." Kumbe ndicho alichokuwa amekibeba muda wote huu, na alikuwa anatafuta chuma cha kukibebea.

Nikamwambia najua. Nikamwambia, "Hata baba yako aliona, ndiyo maana alishika upondo bila kukulaumu." Kama nimekusemea uongo utanisamehe, lakini sidhani ni uongo. Akalia, Baba Mwita. Akalia "Tata, Tata" kama mtoto aliyeachwa mnadani, mwanaume mzima mwenye ndevu, na wanawake waliokuwa wanateka maji ng'ambo ile wakaweka ndoo chini wakaondoka kimya ili wasimwone. Mimi nilikaa karibu naye. Sikumgusa mpaka alipoegemea mwenyewe.

Jana alizigonga pini mpya kwenye jiliwa lako. Zilizogoma alizitupa, na alizitukana kwa maneno yako, neno kwa neno, mpaka nikatoka jikoni kuangalia nani amekuja.

Ng'ombe ndio hao wanashuka, nasikia kengele zao. Nakuaga. Pumzika huko uliko, na usimsumbue Mwita kwenye ndoto, acha apate usingizi. Nitakaa mbele ya boti hiyo mpaka siku nitakapomwona anaitupa nanga mwenyewe bila mkono kusita. Siku hiyo nitashuka, nitarudi nchi kavu, na sitavuka tena mpaka waniletee daraja.

Na lipo deni moja unalonidai. Pale msibani nilipiga yowe kama mila inavyotaka, na watu wakasema nimelia vizuri. Ile ilikuwa yao. Ya kwako bado ninayo, haijatoka, sikuwa na nafasi. Nikipata siku moja ya kupumzika, mume wangu, nitakulilia. Nakuahidi.

Mimi mkeo,
Mama Mwita